Safari za ziwani Uvira: abiria wapo, ratiba haipo

Anayetaka kusafiri kwa maji kutoka Uvira hakati tiketi dirishani. Anashuka Kalundu, upande wa kusini wa mji, anaulizia boti gani inapakia. Mchana kutwa wapagazi hupita juu ya ubao mwembamba wakiwa na saruji begani, kreti za bia, magodoro, madumu ya mafuta, marobota ya nguo za mitumba. Abiria hupanda mwisho. Kila mmoja hujitafutia nafasi juu ya mzigo, mama na mtoto wake juu ya magunia, kijana pembeni mwa injini. Boti ikijaa, saa ya kuondoka imefika. Isipojaa, watu hulala ufukweni.

Hivyo ndivyo biashara ya safari inavyokwenda katika pwani ya kaskazini magharibi ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, na hesabu yake inaeleweka. Mzigo ndio unaolipia mafuta na mabaharia, nauli ya abiria ni nyongeza tu. Boti hupeleka bidhaa za dukani kusini, Baraka na mbele hadi Kalemie, na hurudi na mahindi, mihogo, mawese na samaki wakavu. Mwenye boti hana sababu ya kutangaza saa. Akiitangaza akaondoka nusu tupu, hasara ni yake.

Ila kwa sababu hiyohiyo ya saa, mji huu unapitwa na fedha za watalii zinazozunguka ziwani. Tanganyika ina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha mita 1,470, na ni ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Nchi nne zinaligawana, na Kongo na Tanzania ndizo zenye sehemu kubwa. Zote zinauza maji yaleyale na milima ileile. Fedha huenda kwa yule anayeweza kumwambia mgeni: utaondoka asubuhi, utarudi Alhamisi.

Kigoma wanaweza kusema hivyo. Boti ya kwenda Gombe, alikofika mtafiti wa sokwe Jane Goodall Julai 1960, hukodishwa kwa siku, bei inajulikana, ada ya hifadhi inajulikana. Mahale, hifadhi ya taifa tangu 1985, iko mbali zaidi na ni ghali zaidi, lakini mgeni hulipa kabla hajatoka kwao. Ujiji wana makumbusho yao chini ya miembe, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Burundi nao wana jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, ambako inasemekana wazungu hao wawili walilala Novemba mwaka huohuo, na wana Hifadhi ya Rusizi yenye viboko na mamba. Mamba mmoja wa huko, Gustave, aliwapa watu wa Hollywood filamu nzima mwaka 2007.

Uvira ina nini? Kwa historia pekee, ina zaidi ya hapo. Aprili 1858, miaka 13 kabla ya Stanley, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipiga makasia kutoka Ujiji hadi Uvira, kwa kuwa Uvira ndiyo ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini: pembe za ndovu, watumwa, vitambaa vya magome ya miti, chuma. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani kwenda Nile. Wana wa mtemi Maruta wa Uvira waliwajibu kwamba mto unaingia, hautoki. Wenye ziwa walikuwa wameshamaliza swali, lakini mabingwa wa Ulaya waliendelea kulibishania hadi Livingstone na Stanley walipokwenda kujionea wenyewe mwaka 1871. Katika safari ileile Livingstone akavipa visiwa vidogo vya ziwani jina la gazeti lililomlipa Stanley. Ukitembea Uvira leo hutakuta kibao hata kimoja kinachomweleza mgeni habari hiyo.

Ukishuka kusini mambo yanaongezeka. Wamisionari Wakatoliki, Mapadri Weupe, waliofika Ujiji 1879 walikuwa wameshavuka hadi Masanze mwaka uliofuata, na Masanze ni hapohapo katika pwani hii. Baraka imekaa kwenye njia za zamani za misafara, na jina lake halihitaji mkalimani. Kibamba, kwenye milima ya Fizi inayotumbukia ziwani, ndiko Che Guevara alikotua Aprili 1965 akitokea Kigoma, akaondoka Novemba akiwa ameshindwa. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuja kuwa rais wa Kongo, alibaki kwenye milima hiyo miaka mingi. Kalemie nako, wakati huo ikiitwa Lukuga, Waingereza walitia majini boti mbili zilizoburutwa nchi kavu kutoka kusini mwa Afrika, na tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Nyuma ya mji wa Uvira kwenyewe imesimama milima ya Itombwe, hifadhi tangu 2006, yenye sokwe wakubwa wa aina inayopatikana mashariki mwa Kongo tu.

Kuna bidhaa moja ya pwani hii ambayo tayari ina jina kubwa nje, ila wengi Uvira hawajui. Ziwa lina aina zaidi ya 200 za samaki wadogo wa mapambo wa jamii moja na sato, na karibu wote hawaishi mahali pengine popote duniani. Wafugaji wa samaki wa Ujerumani, Marekani na Japani huwanunua kwa jina la kijiji walikovuliwa, kwa sababu kila mwambao una rangi yake. Bemba, kati ya Uvira na Baraka, na Kiriza, karibu na rasi ya Ubwari, ni majina anayoyafahamu mtu wa Hamburg asiyeweza kuionyesha Kongo kwenye ramani. Kazi yenyewe ni ya ustadi. Mzamiaji huwazungushia samaki wavu kwenye miamba, kisha huwapandisha polepole, hatua kwa hatua, maana wakipandishwa haraka kibofu chao cha hewa huvimba na wakafa. Baadaye hufungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni na kusafirishwa kwa ndege. Uwanja wa ndege wenye safari za kimataifa uliokuwa karibu ni wa Bujumbura, kwa hiyo ndiko biashara ilikokita mizizi. Mbelgiji Pierre Brichard aliijenga huko, na vitabu vyake kuhusu samaki hao bado vinasomwa. Kijiji kilitoa jina, risiti ikaandikwa ng'ambo.

Mtu anaweza kusema tatizo ni vita tu, vikiisha watalii watakuja. Mfano wa Myanmar unafaa kuangaliwa, na si mgeni kabisa kwetu: wazee wa Afrika Mashariki walipigana huko 1944 na 1945, wakaiita Bama, na hospitali ya kijeshi ya 10 kutoka Kongo ya Wabelgiji ilihudumia majeruhi kwenye uwanja huohuo wa vita. Nchi hiyo ina Bagan, uwanda wenye mahekalu na minara zaidi ya 3,500, ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2019. Ina pia mto Irrawaddy, uliokuwa na kampuni ya meli ya Waskoti tangu 1865, ikafikisha vyombo zaidi ya 600 katika miaka ya 1920. Mwaka 1942, Wajapani walipokaribia, kampuni ilizizamisha meli zake yenyewe. Mskoti mwingine aliifufua biashara hiyo mwaka 1995, safari hii kwa watalii: vyumba vya mbao, ngazi ya kushukia kijijini, mwongozaji anayejua kila hekalu, na kalenda ya safari iliyochapishwa mwaka mzima kabla. Korona ilipokuja 2020, kisha wanajeshi wakapindua serikali Februari 2021, wageni walitoweka. Mahekalu hayakusogea. Kilichopotea ni uhakika wa kalenda.

Tanganyika nayo ina meli iliyozamishwa na wenyewe. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg 1913, ikaletwa vipandevipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani Julai 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Watalii waliipenda, waandishi wakaiandika, lakini iliishi kwa abiria wa kawaida na mizigo yao, na mara nyingine kwa msiba: mwaka 2015 ndiyo iliyowatoa wakimbizi wa Burundi kijijini Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Maelfu ya Wakongo waliorejea Baraka kutoka makambi ya Tanzania kuanzia 2005 nao walivuka maji haya kwa meli. Ukiwapanga wateja wa ziwa hili kwa wingi wao, mtalii yuko chini kabisa.

Hoteli za Uvira zinajua hilo. Chumba chenye jenereta, maji na neti hakikujengewa mtu wa kupiga picha. Kilijengewa mfanyakazi wa shirika la misaada, mkaguzi, afisa wa Umoja wa Mataifa, mtu anayelipiwa posho ya safari na mwajiri. Soko hilo lilianza kupungua MONUSCO, kikosi cha amani cha Umoja wa Mataifa, ilipofunga shughuli zake Kivu Kusini Juni 2024, likapata pigo jingine Marekani ilipokata fedha za misaada mwanzoni mwa 2025. Bukavu, makao makuu ya jimbo, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari mwaka huo, serikali ya jimbo ilihamia Uvira na vyumba vikajaa tena, safari hii kwa maafisa na waliokimbia. Desemba 2025 vita vikaingia Uvira kwenyewe. Sidhani kuna mwenye hoteli wa mji huo aliyewahi kupanga bei ya msimu ujao kwa kuangalia kalenda ya likizo.

Maji yenyewe yamechukua sehemu yake. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na tangu hapo ziwa limepanda likaingia kwenye viwanja, ghala na barabara za ufukweni, hasa 2024. Ardhi ambayo mwekezaji angeitamani, ile inayotazama maji, ndiyo asiyoweza kukopea benki.

Hata hivyo, gharama inayomtisha zaidi mwenye boti anayefikiria kubeba wageni ni ya makaratasi. Dikrii ya rais namba 036/2002, ya tarehe 28 Machi 2002, ilitaja huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani na bandarini: uhamiaji, forodha, ukaguzi wa bidhaa na afya. Msafiri yeyote wa pwani hii atakuambia meza huzidi nne, na kila meza ina kitabu cha risiti au haina. Mfanyabiashara huimudu gharama hiyo kwa kuigawa juu ya magunia 200. Mgeni mwenye begi moja hana pa kuigawia. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini viza moja ya utalii ya jumuiya bado ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, kwa hiyo anayetaka kuzunguka ziwa lote hugonga muhuri kila ufuko.

Binafsi nisingeanza na Mzungu wa kamera. Ningeanza na wale wanaovuka tayari. Amani ikiwepo, mpaka wa Kavimvira, wa kuingia Burundi, hautulii: kwaya zinazokwenda kuimba Bujumbura, wanafunzi, wagonjwa, waenda harusi, vijana wanaokwenda kuogelea fukwe za upande wa pili Jumapili na kuacha fedha zao huko. Dayosisi ya Uvira ina parokia zake hadi Fizi, na makanisa mengine yana mikutano yao ya kila mwaka. Watu hao wanalipa nauli, wanakula, wanalala. Wanachohitaji ni boti yenye kivuli, majaketi ya kuokolea yaliyo mazima, mtu mmoja anayeweza kueleza Masanze ni wapi na Maruta alikuwa nani, na saa ya kuondoka isiyobadilika gunia likichelewa. Wakizoea, mwenye boti atakuwa na mapato ya abiria yasiyotegemea saruji. Mtalii wa mbali akija baadaye atakuta kitu kinachotembea.

Kuna pia nafasi ambayo imetengenezwa na sheria ya uvuvi. Nchi nne za ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kila mwaka kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki kama ndagala na mukeke wazaliane, na Tanzania ilianza kutekeleza mwaka 2024. Kila ufuko unaofuata makubaliano hayo huwa na injini nyingi zilizolala, na mabaharia wanaojua kila mwamba wakikaa bila kipato, katika miezi ya kiangazi ambayo barabara hazina tope na shule zinafunga. Kuzihamishia injini hizo kwa abiria si jambo la siku moja: mtumbwi wa uvuvi hauna kibali cha kubeba watu, bima ni shida, na mwenye chombo hutaka kuona fedha kabla ya kununua majaketi 30. Tena miezi hiyohiyo ndiyo ya upepo wa kusini. Boti ikitoka Kalundu kuelekea Baraka hupigwa na mawimbi usoni kuanzia katikati ya asubuhi, kwa hiyo ratiba yoyote ya maana italazimika kuanza alfajiri, ifike Mboko, njiani, kabla jua halijawa kali, na abiria wapumzike nchi kavu hadi upepo ushuke.