Sura ya Tano: Ile Hela Itume Huku

Ujumbe wenyewe ni mfupi: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Hauna salamu, wala hausemi ni hela gani. Mtu asiyedaiwa huufuta na kuendelea na shughuli zake. Lakini upeleke soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi dagaa wanaposhushwa. Mchuuzi anadaiwa na mwenye mtumbwi wa Ukerewe, mwenye mtumbwi anadaiwa mafuta, mpagazi anangoja ujira wake, na mnunuzi wa kutoka Kongo kaahidi kumalizia malipo kwa simu. Hapo "ile hela" ipo kweli, na kila mmoja anaijua yake. Tapeli hamjui yeyote kati yao. Katuma maneno yale yale kwa watu wengi, akivizia mmoja ambaye tayari alikuwa anajiandaa kulipa.

Kwa hiyo wanaosema wanaotapeliwa ni wenye tamaa wananiudhi. Tamaa tuwaachie wanaovutwa na ahadi za utajiri wa Freemason. Ujumbe huu unamnasa mlipaji mwaminifu, yule asiyependa deni lilale. Dawa yake ni sauti: mpigie anayekudai kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Kama yuko ziwani na hapatikani, deni litangoja mpaka atie nanga. Anayekuharakisha wakati huo mara nyingi si yeye.

"Lakini jina lilikuja," watu hujitetea. Ni kweli, na jina hilo ni la mtu halisi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na ulipofika mwisho wa muda, Januari 20, 2020, laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Jina unaloliona kabla ya kuweka namba ya siri linatokana na usajili. Haliwezi kukuambia simu imeshikwa na nani.

Mwanya uko pale chini ya mwavuli wa wakala. Umekwenda kusajili laini moja. Unaweka kidole, unaambiwa mashine haijasoma, weka tena. Wakala asiye mwaminifu anaweza kutumia kidole cha pili kusajili laini nyingine usiyoiona, kisha akaiuza. Ndivyo mkulima wa Magu, ambaye hajawahi kumtumia mtu ujumbe wa ulaghai, anavyoweza kuwa "jina lililokuja" kwenye simu ya mchuuzi wa Kirumba. Polisi wakifuatilia, usajili unawapeleka kwake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtambua anayejifanya mtu mwingine kuwa mhalifu, ila kabla haijamfikia, mkulima ataeleza sana.

Basi bonyeza *106# leo. Utaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, si kwa wakala wa barabarani, uombe iondolewe. Na ukiambiwa uweke kidole mara ya pili, uliza sababu. Hakuna aibu hapo.

Mengine ni mepesi kuyaeleza. Huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100, na hawakuulizi namba ya siri. Mnunuzi akikuonyesha ujumbe wa muamala, angalia salio lako kabla gunia halijapanda gari. Laini yako ikizimika ghafla wakati za wenzako zinafanya kazi, azima simu upige 100, maana huenda kuna aliyeihamisha kwenye kadi nyingine.

Ukishatuma kimakosa, usianze kugombana na tapeli. Kila dakika unayomtukana ni dakika yake ya kuifikia meza ya wakala na kutoa fedha. Piga mtandao wako kwanza waizuie, ndipo uende polisi uchukue namba ya taarifa (RB). Ujumbe wenyewe utume 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba ulikotoka, wala usiufute kwenye simu, polisi watauhitaji.