Dakika Moja, Seli Milioni 1.9

Ningeambiwa nitoe kombe kwa andiko fupi lenye hesabu nzito kuliko yote kuhusu kiharusi, lingekwenda kwa Jeffrey Saver, daktari wa ubongo na neva wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 2006 alichapisha kurasa nne tu. Madaktari walikuwa wakisema siku nyingi kwamba muda ndio ubongo. Yeye akaamua kuupigia hesabu. Akapata kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na mgonjwa asitibiwe, kila dakika hufa seli za neva milioni 1.9, hukatika viungio bilioni 14 baina ya seli, na hupotea kilomita 12 za nyuzi za neva. Kwa saa moja nyuzi hizo zinafika kilomita 714. Basi likitoka Dar es Salaam alfajiri litafika Arusha na kuipita kabla ya kuumaliza umbali huo, na mchana wote umekwisha. Kila saa isiyo na tiba huuzeesha ubongo wa mgonjwa kwa miaka 3.6. Ni wastani, maana kila kichwa kina mishipa yake, lakini sijaona hesabu nyingine inayomwamsha mtu kitini upesi hivi.

Kwa ukongwe, mbele yuko Johann Jakob Wepfer wa Schaffhausen, Uswisi. Mwaka 1658 alieleza maiti alizozipasua, akaonyesha kwamba watu walioanguka ghafla walikuwa na damu iliyovujia ndani ya ubongo. Miaka 6 baadaye Thomas Willis wa Oxford akatoa kitabu chenye maelezo ya duara la mishipa lililo chini ya ubongo, ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Michoro ya kitabu hicho ilitiwa mkono na Christopher Wren, yule yule aliyekuja kusanifu Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London. Sidhani kama mishipa ya ubongo imewahi kupata fundi mwenye jina kubwa kumzidi.

Tuzo iliyopotea njia ni ya Egas Moniz wa Lisbon. Mwaka 1927 alikuwa wa kwanza kuipiga picha ya eksirei mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai. Nobel ikamfikia mwaka 1949, ila kwa kazi nyingine: kukata nyuzi za ubongo ili kutibu maradhi ya akili, tiba iliyokuja kuachwa kwa aibu.

Takwimu zisizotamanika ziko kwetu Tanzania. Kwa miaka 3, kuanzia Juni 2003, Richard Walker na wenzake walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 315.9. Utafiti mwingine wa mwaka 2008 katika maeneo hayo hayo uliwauliza watu chanzo cha maradhi hayo. Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Dar es Salaam, jiji lenye hospitali kubwa kubwa, wengi walitaja majini na uchawi. Anayeanzia kwa mganga anazitumia dakika za Saver njiani.

Na tiba ipo. Mwaka 1995 majaribio ya Marekani kwa wagonjwa 624 yalionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3. Kwa kuchelewa, rekodi ni ya mwaka 2018: wagonjwa waliochaguliwa kwa skani walitolewa bonge la damu kwa katheta saa 6 hadi 24 baadaye, na asilimia 49 wakaweza kujitegemea, dhidi ya asilimia 13 ya wasiofanyiwa hivyo.

Basi ukimwona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanamkokota, tazama saa, kumbuka lini alionekana mzima mara ya mwisho, na mkimbize hospitali.