Kichujio na mwitikio wake: tahadhari kwa wafasiri wa taaluma ya sauti

Kitenzi *chuja* kina sura mbili ambazo wafasiri wa sayansi aghalabu huikumbuka moja tu. Mtu huchuja chai, yaani huipitisha kwenye chujio ili majani yabaki. Kitenge nacho huchuja, yaani hupoteza rangi kidogo kidogo kila kinapofuliwa. Katika maana ya kwanza mpaka uko wazi: jani ama limepita, ama limebaki. Katika maana ya pili hakuna mpaka. Kuna kufifia tu. Istilahi *kichujio*, inayotumika kwa utaratibu wa kihesabu unaosafisha sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu, ilichotwa katika maana ya kwanza, ilhali mwenendo wa kitu chenyewe uko karibu zaidi na maana ya pili.

Mimi nililielewa jambo hili kwa gharama, tena gharama iliyolipwa na mwanafunzi wangu. Tulikuwa Sigino, katika Mji wa Babati, tukirekodi maneno ya Kigorowa kutoka kwa mzee mmoja. Kigorowa ni lugha ya Kikushi cha Kusini, jamaa ya karibu ya Kiiraqw, na kama jamaa yake kina konsonanti ambazo mzawa wa Kiswahili huzisikia kama mlio wa kitu kinachochomoka: hutamkwa nyuzi za sauti zikiwa zimebanwa, hewa ikisukumwa na koo linaloinuka badala ya mapafu. Baada ya mpasuko hufuata kitambo kifupi cha ukimya kabla nyuzi za sauti hazijaanza kutetemeka kwa ajili ya irabu. Anayepima konsonanti hizo hukitafuta kitambo hicho kwanza.

Upepo ulikuwa mkali siku hiyo na bodaboda hazikukoma kupita. Mwanafunzi akaniuliza afanyeje na ngurumo iliyojaa kwenye rekodi. Nikamjibu, bila kufikiri sana, kwamba kichujio ni kama chekecheo: ngurumo ni mchanga mnene, sauti ya mzee ni unga, apitishe tu. Akapitisha. Majuma mawili baadaye aliniletea rasimu iliyodai kwamba konsonanti zile zina mghuno, kwa kuwa katika kila picha ya wimbi mtetemo mdogo ulionekana ndani ya kitambo kilichopaswa kuwa kimya.

Chekecheo halina kumbukumbu. Punje inayopita sasa haijui ni punje gani iliyopita kabla yake. Kichujio cha kidijitali hufanya kazi kwa kukumbuka. Rekodi yetu ilikuwa na sampuli 48,000 kwa kila sekunde, na kila namba inayotoka kichujioni ni jumla ya namba nyingi zilizoingia, kila moja ikiwa imezidishwa kwa uzito wake. Chukua mfano mwepesi kabisa: kichujio kinachotoa wastani wa sampuli tano za mwisho. Kipe sifuri tupu, kisha 1 moja, kisha sifuri tena bila kukoma. Kitatoa 0.2 mara tano, halafu kitanyamaza. Ile 1 ya pekee ndiyo inayoitwa *mpigo*, na mfuatano wa 0.2 tano ndio jibu la kichujio kwa mpigo huo. Ukilijua jibu hilo umekijua kichujio chote, kwa sababu sauti yoyote ni msururu wa mipigo mikubwa na midogo. Kila mpigo huamsha nakala yake ya jibu, na nakala zote hujumlishwa. Kujumlisha huko ndiko wahandisi wanakokuita konvolusheni, neno ambalo kwa sasa naona heri tulikope hivyo lilivyo kuliko kulisokota kwa Kiswahili kisichoeleweka.

Sasa badili kidogo. Kichujio cha pili kinachukua nusu ya sampuli inayoingia, kisha kinaongeza nusu ya kile kilichotoka chenyewe mara iliyotangulia. Kipe mpigo uleule. Kitatoa 0.5, kisha 0.25, kisha 0.125, na kuendelea. Kila jibu ni nusu ya lililopita, na kwa hesabu halifiki sifuri kamwe. Hapo ndipo zinapozaliwa aina mbili kuu za vichujio: vyenye mwitikio ulio na kikomo na vyenye mwitikio usio na kikomo. Nimekwisha kuona tafsiri inayosema *kichujio chenye kikomo*. Ni kosa la upatanisho lenye madhara ya maana, kwa kuwa kinachokoma ni mwitikio, na kichujio hakikomi. Sema *kichujio ambacho mwitikio wake una kikomo*, hata kama ni kirefu.

Je, ni *mwitiko* au *mwitikio*? Yote mawili yapo. La kwanza limetoka kwa *itika*, kujibu unapoitwa. La pili kwa *itikia*, yenye kiambishi cha kutendea, kumjibu fulani au kulijibu jambo fulani, kama wanavyoitikia waimbaji. Kwa kuwa hapa jibu lina kitu mahususi linachokijibu, napendelea *mwitikio*, ingawa sitamkosoa anayetumia lingine. Nitakaloshikilia ni kihusishi kinachofuata. Katika *mwitikio wa wananchi*, wanaoitikia ni wananchi. Katika *mwitikio wa kinga ya mwili*, inayoitikia ni kinga. Kwa mazoea hayo, *mwitikio wa mpigo* humwambia msomaji kwamba mpigo ndio unaoitikia, kumbe mpigo ndio wito wenyewe. Iwe *mwitikio wa kichujio kwa mpigo*, na kwa ufupi *mwitikio kwa mpigo*.

Kuhusu *mpigo* wenyewe, wapo wanaopendelea *msukumo*. Tatizo ni kwamba msukumo hudumu: tunasema msukumo wa damu, msukumo wa maisha, na fikra ni ya nguvu inayoendelea kusukuma. Mpigo ni tukio la nukta moja. *Mshindo* nao ungefaa, ila tayari ni jina la sauti inayosikika, na mpigo wa kihesabu hauhitaji kusikika. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi dhana nzima bila kompyuta, ingia nao katika darasa tupu lenye paa la bati na sakafu ya saruji, piga kofi moja, kisha nyamazeni. Mnachokisikia baada ya kofi ni chumba kikijibu. Au kila mmoja apige shavu lake kwa kidole huku akiunda mdomo kwa *a*, kisha *o*, kisha *u*, bila kutoa sauti: mlio unabadilika ingawa pigo ni lilelile. Gunnar Fant, katika kitabu chake cha mwaka 1960, aliijengea hesabu dhana hiyo kwamba nyuzi za sauti hutoa mapigo na uwazi wa koo na kinywa huyachuja kuwa irabu. Wanaisimu, kwa hiyo, tulikuwa na vichujio vinywani muda wote.

Nirudi Sigino. Mwanafunzi alikuwa ametumia kichujio cha kuzuia kila kilicho chini ya hezi 120, chenye mwitikio wenye kikomo na ukataji mkali. Ukataji mkali haupatikani bure: kadiri unavyotaka mpaka mwembamba kati ya kinachopita na kinachozuiwa, ndivyo unavyohitaji mwitikio mrefu. Chake kilikuwa na uzito 4,801, yaani takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Tena uzito huo ulikuwa na ulinganifu, nusu ya kwanza ikiwa kioo cha nusu ya pili, na programu ilikuwa imeyarudisha matokeo nyuma ili yalingane na rekodi ya asili. Matokeo yake ni kwamba jibu lilianza milisekunde 50 kabla ya mpigo wenyewe. Sauti ya mzee ilitetemeka karibu na hezi 120 zilezile, palipo mpaka. Irabu ilipoanza, kichujio kiliitikia na kuimwaga nyuma, ndani ya ukimya. Mghuno tuliouona haukutoka kooni mwa mtu yeyote.

Tuligundua kwa njia rahisi: tulitengeneza faili la sifuri lenye 1 moja katikati, tukalipitisha kwenye kichujio kilekile, tukatazama. Mtetemo ulikuwa pale, pande zote mbili za 1.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huu, nao ni wa sarufi tupu. *Kuchuja* huchukua yambwa za aina mbili zinazopingana. Unachuja chai, na chai ndiyo unayoitaka. Lakini pia unachuja makapi, na makapi huyataki. Mwongozo unaosema *chuja masafa ya chini* unaweza kumfanya mtu mmoja ayaondoe na mwingine abaki nayo, na wote wawili wamefuata Kiswahili sahihi. Hata jina *kichujio cha masafa ya juu* halimwambii mtu lolote la hakika. Mfasiri atumie *kupitisha* au *kuzuia*: kichujio cha kupitisha masafa ya juu, kichujio cha kuzuia masafa ya chini. Isitoshe, *masafa* pia ni umbali; katika matini inayotaja umbali wa kipaza sauti kutoka kwa msemaji, tumia *umbali* ili *masafa* yabaki na kazi moja.

Ule mfano wa chekecheo nimeuacha. Siku hizi nasema kichujio ni kama kitambaa kinachochuja rangi: kinachozuiwa hufifia, hakitoweki, na rangi huvuja hadi kwenye nguo za jirani katika beseni. Faili la asili, pamoja na upepo na bodaboda zake, tulikuwa tumelihifadhi. Tulilipima upya bila kulichuja, na kati ya mpasuko na irabu, chini ya ngurumo ile, hapakuwa na mtetemo wa sauti ya mzee.