Mshahara Utokao Katika Sadaka

Lipo neno linalonong'onwa katika vibaraza vya Tandale na Mbagala, na vilevile katika baraza za Mji Mkongwe, nalo linastahili kusemwa kwa sauti. Mtu anayeongoza shirika la kuwasaidia wanyonge, kwa fedha zilizotolewa na watu kwa ajili ya wanyonge hao, alipwe mshahara wa kiasi gani?

Wananchi wetu si wageni wa kutoa. Walitoa mabomu yalipolipuka katika kambi ya jeshi ya Mbagala tarehe 29 Aprili 2009. Walitoa meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba mwezi Septemba 2011, na miezi mitatu baadaye wakatoa tena mafuriko yalipowatoa watu mabondeni na baadhi yao kuhamishiwa Mabwepande, Kinondoni. Alitoa mwenye duka, na alitoa mama muuza vitumbua. Huyo wa pili ndiye tunayemsemea leo.

Tuseme mapema kwamba hatuungani na wale wanaotaka kiongozi wa shirika la hisani afanye kazi bure. Kuendesha zahanati au makao ya yatima ni kazi ya ujuzi. Asiyelipwa kabisa, ama atakuwa tajiri asiyejua bei ya unga, ama atajilipa mwenyewe kwa njia za panya.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani hoja hii si ngeni. Qurani, katika Sura ya Tawba, aya ya 60, imetaja mafungu 8 ya wanaostahili zaka, na fungu mojawapo ni la wale wanaoitumikia. Basi ujira wa mtumishi wa sadaka ni halali. Lakini wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, waliuwekea mpaka: apewe ujira wa mfano, yaani kiasi anacholipwa mtu kwa kazi kama hiyo, wala si kiasi anachokitamani. Kinachozidi hurejeshwa kwa mafungu mengine.

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi. Mfano wa nani? Wakurugenzi aghalabu hujipima na wenzao wa mabenki, au wa Geneva na New York. Sisi twaona wapimwe na mganga mfawidhi wa hospitali ya Temeke, au na mwalimu mkuu mwenye wanafunzi wasioenea madarasani, maana hao ndio wanaofanya kazi iliyo sawa na yao kwa watu wale wale. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na wengi wa watoaji hawakifikii hata hicho. Ofisi nyingi za mashirika zimo Mikocheni na Msasani, penye kivuli na mlinzi getini. Tandale, inayotajwa katika maombi ya fedha, si mwendo mrefu kwa bajaji.

Huko Marekani, William Aramony, aliyeliongoza shirika la michango la United Way, alijiuzulu mwaka 1992 ilipotangazwa kwamba alikuwa akipata zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka pamoja na marupurupu. Mwaka 1995 alitiwa hatiani kwa ulaghai. Ulaghai ndio uliompeleka gerezani, si mshahara. Lakini watoaji walichukizwa na vyote viwili, na baadhi ya matawi yakazuia michango yao kwa makao makuu. Nchini Uingereza, mashirika makubwa ya hisani hutakiwa kuonyesha katika hesabu zao idadi ya watumishi wanaopata zaidi ya pauni 60,000 kwa mwaka.

Kwetu sheria hazikosekani. Bara ina Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na marekebisho ya 2019 yaliyataka mashirika kutoa kila mwaka hesabu zilizokaguliwa. Zanzibar ilitunga Sheria ya Jumuiya mwaka 1995. Hata hivyo hesabu hizo aghalabu huandika "mishahara na utawala" kwa mkupuo mmoja, na humo mfagizi na mkurugenzi hufichwa pamoja.

Waheshimiwa watumishi wa Serikali watuwie radhi. Ni vigumu kumwuliza mkurugenzi mshahara wake ilhali umekaa katika semina yake na bahasha ya posho imo mfukoni. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wenzake ikapunguzwa pia. Miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, iliyokataza mishahara miwili, ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, nasi hatuombi irudi. Twaomba jambo dogo zaidi. Kila shirika linalokusanya michango ya wananchi liandike, kwa mstari wa peke yake, mshahara na marupurupu ya kiongozi wake mkuu. Mstari huo ubandikwe katika ofisi za kata, Tandale na Mbagala, na kwa masheha wa Unguja na Pemba, pale pale yanapobandikwa matangazo ya chanjo.