Vichujio Vilivyopitwa na Wakati na Anwani Mpya za Intaneti: Mtazamo Kutoka Mwanza

Mkongo ukikatika, au mnara wa kisiwani Ukerewe ukikosa umeme, hitilafu hujitangaza yenyewe: watumiaji wote hukosa kila kitu kwa wakati mmoja. Makala hii inahusu hitilafu ya aina nyingine, ambayo huwapata baadhi ya watumiaji tu, tena kwa baadhi ya tovuti, na ambayo chanzo chake kiko mbali kabisa na Kanda ya Ziwa.

Anwani za toleo la nne la itifaki ya intaneti ni 4,294,967,296, na hazikugawiwa kwa mkupuo mmoja. Mamlaka ya IANA iliwapa wasajili wa kanda mafungu, kila fungu likiwa na anwani 16,777,216. Pakiti iliyodai kutoka katika fungu lisilogawiwa bado ilihesabiwa kuwa ya kughushi. Kwa hiyo wahandisi wengi duniani waliyaorodhesha mafungu hayo katika vichujio vya ruta zao, wakayaita bogoni. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani wavamizi walipenda kujificha nyuma ya anwani hizo.

Kasoro ilikuwa katika muda. AfriNIC, msajili wa Afrika mwenye makao yake Morisi, ilitambuliwa rasmi mwaka 2005, na mwaka huohuo ikapewa fungu la 41. Likafuata la 197 mwaka 2008, la 105 mwaka 2010, na la 102 Februari 2011, mafungu matano ya mwisho yalipogawiwa. Orodha iliyokuwa sahihi mwaka 2004 ikawa ya uongo kwa sababu tu hakuna aliyeigusa. Waliofungiwa mlango ni wale waliochelewa kuunganishwa, Tanzania ikiwamo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanafunzi wa Nyegezi mwenye anwani inayoanza na 41. Ombi lake la kusoma jarida linafika Ulaya salama. Kule, ruta yenye kichujio cha zamani imekwisha kulikataa tangazo la njia ya kurudi kwenye fungu la 41. Jibu linaandaliwa, lakini halina pa kupita. Kwenye skrini hapatokei ujumbe wa kukataliwa, bali ukurasa unaosubiri mpaka muda uishe. Jirani yake mwenye anwani ya fungu la zamani la 196 analifungua jarida hilohilo bila taabu. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano mengi ya nje yalitegemea setilaiti, ambayo peke yake huongeza takriban nusu sekunde kwa kwenda na kurudi. Kwa maoni ya mwandishi, mazoea ya kusubiri yaliificha hitilafu hii kuliko ugumu wake wa kiufundi.

Kuithibitisha si kazi kubwa: njia ya kwenda kwenye seva ileile hufuatiliwa kutoka anwani mbili za ruta moja. Ya 196 ikipata jibu na ya 41 ikakosa, nyaya za Mwanza hazina hatia. Tiba ndiyo ngumu, maana anayeumia hana mamlaka juu ya kichujio, na mwenye kichujio haoni dhara lolote. Novemba 2011 waraka wa RFC 6441 uliagiza vichujio vya aina hiyo viondolewe. Vinavyostahili kubaki ni vya mafungu yaliyotengwa kwa matumizi maalumu, kama lile la 10 la mitandao ya ndani.