WASIWASI USIOISHA: SIO JINI, SIO KUDEKA



Kuna mtu unamjua ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka. Au anatoka kitandani mara kumi kuangalia kama mlango umefungwa, na kila akirudi roho haitulii. Watu wa pwani wanawajua wale wanaorudia udhu mpaka swala inawapita. "Ana wasiwasi huyo," wanasema, na neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu.

Majumbani hukumu ni nyepesi: kachezewa, ana jini, anadeka, imani yake ndogo. Basi mgonjwa anaficha na miaka inakatika. Jamani, huu ni ugonjwa. Madaktari wanauita OCD, na unampata mtu 1 hadi 3 kati ya watu 100 katika maisha yao. Una mambo mawili: mawazo yanayojileta yenyewe bila kuitwa, na vitendo ambavyo mtu anarudiarudia ili apate ahueni kidogo. Wengi wanajua kabisa mikono ni misafi, ila hawawezi kuacha. Kwa nini? Sayansi ina majibu kadhaa.

1. Kengele isiyozimika

Sehemu ya mbele ya ubongo, juu kidogo ya macho, kuna eneo linalosaidia kugundua kwamba kitu fulani hakiko sawa. Linapeleka ujumbe ndani ya ubongo kwenye sehemu inayoitwa kodeti, unapita thalamasi, kisha unarudi mbele. Yaani ni mzunguko. Kwa kawaida ukishafunga mlango ujumbe unakatika, unaenda zako kulala. Kwenye OCD mzunguko huu unaonekana kufanya kazi kupita kiasi, kengele inalia tu.

Mwaka 1987 Lewis Baxter na wenzake huko Los Angeles, Marekani, walipiga picha za kupima jinsi ubongo unavyotumia sukari. Wakakuta maeneo hayo ya wagonjwa yanatumia sukari nyingi kuliko ya watu wengine. Mwaka 1992 wakaonyesha jambo la kushangaza zaidi: waliopata nafuu kwa dawa, na waliopata nafuu kwa tiba ya mazoezi bila dawa, wote kodeti yao ilipunguza kasi.

2. Serotonini

Hii ni kemikali inayosaidia seli za ubongo kupeana ujumbe. Mwaka 1989 Marekani iliruhusu dawa ya klomipramini kutibu OCD, na baadaye zikaja nyingine kama fluoksetini. Zote zinagusa serotonini. Dawa za sonona zisizoigusa hazikusaidia sana, ndipo watu wakasema OCD ni upungufu wa serotonini.

Hapo twende taratibu. Panadol inatuliza kichwa, lakini hakuna anayesema kichwa kinauma kwa kukosa Panadol mwilini. Halafu dawa hizi zinaanza kugusa serotonini mapema, ila nafuu inaweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Kwa hiyo serotonini inahusika, lakini sio hadithi nzima.

3. Damu ya ukoo

Pacha wa kufanana akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ni mkubwa kuliko kwa mapacha wasiofanana. Hiyo ni dalili ya urithi. Mwaka 2025 ulitoka utafiti mkubwa wa jeni uliohusisha wagonjwa zaidi ya 53,000, ukapata maeneo 30 kwenye jeni yanayohusiana na OCD. Hakuna jeni moja ya kulaumu, ni nyingi na kila moja inachangia kidogo. Na pacha mmoja anaweza kuugua mwenzake akabaki mzima, kwa hiyo mazingira nayo yana sehemu yake.

4. Maambukizi

Mwaka 1998 Susan Swedo na wenzake, Marekani, walieleza habari za watoto 50 ambao dalili za OCD au za kushtukashtuka mwili zilianza au kuzidi ghafla baada ya maambukizi ya bakteria wa streptokokasi, wale wanaoleta maumivu ya koo. Hoja yao ni kwamba kinga ya mwili inakosea na kushambulia ubongo. Madaktari bado wanabishana juu ya hili.

Sasa inatusaidia nini?

Kwanza, huwezi kumchapa mtu viboko kodeti yake ikatulia. Pili, kusema ni ubongo sio kusema tiba ni vidonge tu. Ipo tiba ya mazoezi iliyoanza na Victor Meyer mwaka 1966: mgonjwa anashika kitasa, kisha kwa msaada wa mtaalamu anajizuia kunawa. Wasiwasi unapanda, halafu unashuka wenyewe. Akirudia hivyo mara nyingi, ubongo unajifunza.

Nyumbani msimcheke, na msimhakikishie kila dakika kwamba pasafi, maana hiyo inalisha ugonjwa. Dua na maombi endeleeni, ila nendeni na hospitali, muulizie kitengo cha afya ya akili. Jina la Mirembe au Mathari lisiwatishe. Na akipewa dawa asiiache ghafla bila kumuona daktari.

Je, mtaani kwenu mtu wa hivi anachukuliwaje? Tiririkeni hapo chini wadau.