Je, Wajua? Mjukuu wa Mfalme wa Karafuu na Sheria ya Staringi

Kwenye kibanda umiza kimoja cha Buswelu, nyuma ya kijiwe cha bodaboda, kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: staringi hafi. Mabenchi ni ya mbao, runinga imefungiwa ndani ya boksi la chuma lenye kufuli, na muvi imetafsiriwa na DJ mwenye sauti ya kukwaruza asiyejua kunyamaza. Ukiuliza kama jamaa atapona, benchi zima linakugeukia: "We umetoka wapi?"

Jumapili moja ubishi ukahama. Kijana mmoja akataka kujua kama hawa Wahindi, Wachina na Wakorea tunaowapigia makofi huwa wanapewa tuzo, au wanaishia kushangiliwa na sisi tu. Nikaenda kuchimba.

Je, wajua kwamba Sholay ya mwaka 1975, ile ya Gabbar Singh, iliambulia tuzo moja tu ya Filmfare, zile tuzo za muvi za Kihindi, na hiyo yenyewe ilikuwa ya uhariri? Amjad Khan, Gabbar mwenyewe, aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora msaidizi, akapigwa bao na Shashi Kapoor wa Deewaar. Tuzo ya mwigizaji bora mwaka ule ilikwenda kwa Sanjeev Kumar, yule Thakur aliyekatwa mikono. Ila hakuipata kwa Sholay. Aliipata kwa muvi nyingine, Aandhi.

Mwaka 1963 Filmfare ilitaja majina matatu kwenye kinyang'anyiro cha mwigizaji bora wa kike, na yote matatu yalikuwa Meena Kumari, kwa filamu tatu tofauti. Alishinda kwa Sahib Bibi Aur Ghulam. Ukisema alijishinda mwenyewe hujakosea.

Kwa Oscar mambo yalikwenda kwa mwendo wa konokono. Merle Oberon, mzaliwa wa Bombay, aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye sherehe za mwaka 1936, lakini asili yake aliificha. Alikuwa akisema amezaliwa Tasmania, kule Australia. Kutoka kwake hadi Michelle Yeoh wa Malaysia kuibeba tuzo hiyohiyo mwaka 2023 ni miaka 87. Wazee wa muvi za kung fu wanamjua Yeoh tangu anaruka na kupiga mateke Hong Kong miaka ya themanini. Jackie Chan yeye alipewa Oscar ya heshima mwaka 2016, kwa kazi ya maisha yake yote; kwa uigizaji hajawahi kuteuliwa hata mara moja. Parasite ya Wakorea ikazoa Oscar nne mwaka 2020, filamu bora ikiwemo, na hakuna mwigizaji wake hata mmoja aliyetajwa. Hapo mimi nasema walionewa.

Wa kukaa naye kidogo ni Haing S. Ngor. Huyu alikuwa daktari wa akina mama huko Phnom Penh, Kambodia. Wapiganaji wa Khmer Rouge waliposhika nchi mwaka 1975 wakaanza kuua wasomi, akaficha udaktari wake, akaficha hata miwani, maana miwani tu ilitosha kukuponza. Mkewe alishikwa na uchungu wa kuzaa wakiwa kwenye kambi ya Khmer Rouge, uzazi ukawa mgumu. Ngor alijua la kufanya, ila kujulikana kuwa ni daktari kulikuwa ni kifo. Mkewe akafia pale. Ngor alinusurika, akafika Marekani, akachukuliwa kucheza The Killing Fields bila kuwahi kuigiza maishani. Mwaka 1985 akashinda Oscar ya mwigizaji bora msaidizi.

Sasa turudi nyumbani. Dev Patel, kijana wa Slumdog Millionaire, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa Lion, ni mzaliwa wa London, lakini wazazi wake wote wawili ni Wagujarati waliozaliwa Nairobi.

Na je, wajua kwamba yule aliyecheza Gandhi ana ukoo wa Zanzibar? Ben Kingsley alizaliwa Uingereza mwaka 1943 akaitwa Krishna Bhanji. Babu yake alitoka India akahamia Zanzibar kufanya biashara ya viungo. Baba yake aliishi Unguja hadi alipofika miaka 14, ndipo akapelekwa Uingereza, na huko akawa daktari. Kijana alipoingia kwenye maigizo aliona jina la Kihindi litamfungia milango, akajitungia jingine. Ben lilitokana na Benji, jina la utani la baba. Kingsley lilitokana na la babu, ambaye watu walimwita King Cloves, yaani Mfalme wa Karafuu. Kwa hiyo mwaka 1983, jina la mshindi wa Oscar ya mwigizaji bora lilipotajwa, lililotajwa nusu yake ni karafuu zetu. Baada ya hapo ameteuliwa tena mara tatu.

Habari hii niliirudisha kibandani, nikashauri siku moja tuiweke Gandhi. Mwenye kibanda akauliza inachukua muda gani. Saa tatu na dakika kumi na moja. Staringi anapigana? Hapigani, anafunga kula. Mwisho anashinda? Nikamweleza kwamba staringi anapigwa risasi mwanzoni kabisa, kabla hata hujakaa vizuri kwenye benchi.

Mpaka leo haijawekwa.